Maziwa ya Barièri ya Mushaki

Ukungu wa Mushaki hauna haraka. Unalala barabarani kama ng'ombe mzee, na usipopigwa na jua hauinuki. Asubuhi ile ya mwezi wa nne, mwaka 1955, mvua iliyonyesha usiku kucha ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Mama Verdiane, muuza maziwa, alikuwa akishuka kwa njia ya mkato, ile telezi inayozunguka nyuma ya barièri, mti wa kufungia barabara, na kutokea kwenye kona ya kwanza ya barabara ya Sake. Hapo njo aliona miguu ya mtu.

Mzee Kanamugire, mchungaji, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya barabara. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka, damu imechanganyika na tope. Alikuwa akipumua, lakini ilikuwa pumzi ya kukoroma, kama ya mtu anayevutwa chini ya maji. Pembeni mwa barabara ilikuwako icyansi yake, chombo cha mti ambacho wachungaji hubebea maziwa, imesimama wima na kifuniko chake cha kusukwa juu.

Verdiane akapiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Karangwa, kapita, msimamizi wa barièri, filimbi shingoni na kofia ya Leta, yaani serikali, kichwani. Hakuinama kumtazama mzee. Alitazama alama za magurudumu kwenye tope.

"Ni ile kamyo ya Paul," akasema. "Imepita sasa hivi kama imeibwa. Imemugonga mzee na haikusimama."

Kabla ya adhuhuri Paul, shofere wa lori lile, alikuwa amekwisha kukamatwa Sake, na magunia ya pareto bado juu ya gari. Alifungwa kamba mikononi, akarudishwa mlimani mpaka buloko, gereza la Masisi.

Baba mkwe wake, Nzabandora, alimkuta huko kesho yake, amechuchumaa ukutani. Nzabandora alikuwa kaporali wa polisi zamani. Siku hizi alilima maharage Mushaki, na watu waliposhtakiwa makosa madogo, baiskeli bila taa ao pombe bila ruhusa, walimwita awasemee mbele ya tribunal, yaani mahakama. Alijua milango ya wakubwa inafunguka upande gani. Hakuipenda, lakini aliijua.

"Papa, mi sikugonga muntu," Paul akasema. "Naapa kwa mimba ya Drocella."

"Usiape kwa mimba ya mutoto wangu. Nieleze. Barièri ilikuwa wazi ao imefungwa?"

"Imefungwa. Nikapiga honi. Kapita mwenyewe akatoka, akafungua kufuli, akainua mti. Akasema, 'Pita, pita mbio.'"

"Ngoma ililia?"

Barabara ile ya mteremko ilikuwa nyembamba, magari mawili hayapishani. Gari likianza kushuka, mpiga ngoma wa juu anapiga, wa chini anasikia na kufunga kwake. Bila ngoma, hakuna ruhusa.

"Haikulia," akakubali. "Lakini kapita aliniambia nipite! Ningekatala? Na pale konani hapakukuwa muntu, Papa. Niliendesha polepole, ukungu ilikuwa nzito. Hata sungura ningemuona."

"Na taa yako iliyovunjika?"

Paul akacheka kicheko kibaya. "Gari ya Bwana Ajan ilizama mu tope juma lililopita. Nikaivuta kwa mnyororo. Mnyororo ukakatika, ukapiga taa yangu. Akanipa mukono, akasema merci. Leo hiyo taa njo ushahidi ya kama nimegonga muntu."

Bwana Ajan alikuwa mzungu kijana aliyesimamia barabara. Juu yake alikuwa Bwana Mukubwa wa teritware, yaani wilaya, naye ndiye anayeshika polisi, ndiye anayefunga, na siku ya tribunal ndiye anayehukumu. Kama fisi angewekwa kuamua kesi za mbuzi, Nzabandora alifikiri, angalau mbuzi wangeambiwa mapema.

Mlinzi aligonga mlango. "Kaporali, saa yako imekwisha. Na ombeni Mungu yule mzee asikufe. Akikufa, faili inakwenda kwa Parke, mushitaki mukubwa wa Bukavu. Kule hakuna mambo ya taa na ngoma. Kule ni kuua."

Nzabandora alifika barièri ya Mushaki alasiri, ukungu ukianza kurudi. Miaka minne hakuwa amesimama pale kwa hiari yake. Siku ile ya zamani mkewe, Nyirabagenzi, alilazwa juu ya kamyo akitokwa na damu, wakienda dispanseri ya Sake, na mti wa barièri ulikuwa chini. "Bwana anapanda," waliambiwa. "Mungoje." Bwana alikuwa amesimama njiani kupiga picha za milima. Alipopita, alipunga mkono. Nyirabagenzi alikuwa amekwisha kukata roho.

Aliutazama ule mti. Ulikuwa mzima, hauna mkwaruzo. Upande mmoja wa barabara ni ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Hakuna gari linaloweza kuuzunguka. Kufuli ilikuwa kubwa kama ngumi.

"Kaporali," Karangwa alimsalimia kwa mdomo bila macho. "Umekuya kulilia mukwe?"

"Nimekuya kuuliza. Unasema Paul alipita bila ruhusa. Alipita wapi?"

"Alishuka, akainua mti yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba."

"Na kufuli?"

"Nilisahau kuifunga."

Ufunguo ulikuwa ukining'inia kiunoni mwake kwa mnyororo mdogo, umesuguliwa ukang'aa. Mtu anayesugua ufunguo wake hivyo, Nzabandora aliwaza, si mtu wa kusahau kufuli.

Chini ya paa la majani, pembeni ya ngoma, alikuwa Mbonigaba, mpiga ngoma, mkulima wa mlima wa pili. Alikuwa akiipasha ngoma kwa moto wa nyasi, maana ngozi iliyokunywa mvua inalia kama kikapu.

"Mbonigaba, siku ile ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa." Alijibu haraka mno.

"Mbona hukupiga ngoma?"

"Ilikuwa baridi, haikukauka. Sasa nitapiga na nini, na kichwa yangu? Kazi hii ni mateso, Papa. Hata nyasi zangu za kukaushia ngoma banakuya kuniibia! Siku ile nilikuta nusu ya furushi haiko. Mbuzi ya nani, sijue."

"Ulikuta? Kumbe ulitoka wapi?"

Mbonigaba akachochea moto. "Nimesema vibaya. Nilikuwa hapa."

Karangwa alikuwa ameegemea nguzo, anasikiliza. "Muulize na maharage yake," akasema taratibu. "Muulize nani aliapa sokoni kama ng'ombe za Kanamugire zikirudi mu shamba yake, atapasua kichwa ya mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Soko zima lilisikia. Na Mbonigaba, badala ya kukataa, aliinamisha kichwa juu ya moto mpaka moshi ukamliza.

Basi Nzabandora akashuka kuelekea kwa Verdiane moyo wake ukiwa mzito. Mwongo alikwisha kumpata. Ana kinyongo, ana fimbo ya ngoma mkononi, nzito, ya mti mgumu. Jambo lilikuwa kama limekwisha. Kitu kimoja tu kilimkwaruza rohoni, na hakujua ni nini mpaka alipoingia nyumbani kwa Verdiane na kuiona icyansi ya Kanamugire kwenye kichanja cha vyombo, imesafishwa, imefukizwa moshi.

"Mama Verdiane, hii chombo uliikuta namna gani?"

"Imekaa vizuri. Hata tone haikumwagika."

"Imekaa juu ya nini?"

Mama yule alimshangaa. "Juu ya majani, Papa. Maziwa itakaa juu ya nini tena? Juu ya udongo?"

Nzabandora akakaa kitini. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao aliiweka icyansi ya Nyirabagenzi chini, udongoni, na mkewe, binti wa wachungaji, akapiga ukelele kama ameona nyoka. Ukiweka maziwa juu ya udongo mtupu, ng'ombe anakauka, ao chuchu zinapasuka. Unaweka majani kwanza. Hata kama nyumba inaungua, unaweka majani. Yeye mkulima alilicheka jambo hilo, halafu kwa miaka yote ya ndoa hakulirudia tena kosa lile.

"Pengine mzee aliiweka yeye mwenyewe, akipumzika," akasema, akijipinga.

"Pengine njo vile. Nilifikiri vile na mimi." Verdiane alikunja uso. "Lakini kitu kimoja... Yale majani yalikuwa makavu. Nilipoinua chombo, mukono yangu haikulowa. Yalilia kra-kra."

"Baada ya mvua ya usiku mzima?"

"Eh. Usiku mzima."

Walitazamana. Nje, mlima wote ulikuwa ukichuruzika maji.

"Na wewe, Mama, mbona ulipita njia ya mkato? Ile njia inavunja shingo. Barabara ya Leta iko pale."

Verdiane alitazama mlango kabla ya kujibu. "Ukipita barabara ya Leta na maziwa, Karangwa anakuambia, 'Acha kidogo ya Bwana Ajan.' Kila asubuhi. Kidogo yake ni nusu. Sisi wote tunazunguka nyuma. Kanamugire tu njo alikataa kuzunguka. Alisema, 'Mi niko muzee, sitatambaa mu majani kama mwizi. Na maziwa hii ni ya ng'ombe ya mama yake Karangwa, mimi njo namuchungia. Atalipisha mama yake?'"

Nzabandora alipanda tena mlima asubuhi iliyofuata, akamvizia Mbonigaba mbali na barièri, shambani mwake, katikati ya maharage yaliyokanyagwa.

"Wewe hukumupiga mzee," akamwambia. "Ungekuwa wewe, ile icyansi ungeipiga teke mpaka ndani ya korongo. Lakini umedanganya, na uongo wako unamufunga mukwe wangu. Ulikuwa wapi?"

Mbonigaba aliangusha jembe. "Mvua iliua moto ya barièri. Karangwa akanituma mbali, kwa watu wa bonde, nitafute moto. Niliporudi na kijinga cha moto mukononi, kamyo ilikuwa imepita, nyasi zangu zimepungua, na yeye analowa tope mpaka magoti. Akaniambia, 'Ukiulizwa, ulikuwa hapa. Ukisema hukukuwa, ni fimbo ya Leta na kazi imekwisha.'"

"Utasema hivyo mbele ya tribunal?"

"Papa, niko na watoto."

"Na Drocella je, iko na nini mu tumbo? Jiwe?"

Mbonigaba aliokota jembe lake, akalima.

Siku ya nne tribunal ilikaa Masisi, katika chumba chenye sakafu ya simenti na picha ya mfalme ukutani. Bwana Mukubwa alikaa mezani, karani upande mmoja, Bwana Ajan upande mwingine kama shahidi wa barabara. Watu wa Mushaki walijaa mpaka madirishani. Nyuma kabisa, amejibanza, alikuwa Mbonigaba. Habari ya dispanseri ilikuwa mbaya: Kanamugire alikuwa bado hajafungua macho, na tangu alfajiri mikono yake ilikuwa baridi.

"Mushitakiwa iko na muntu wa kumusemea?" Bwana Mukubwa aliuliza.

"Niko, Bwana," Nzabandora akasema.

"Wewe tena. Sema mbio."

Karangwa alikwisha kutoa ushahidi wake, umenyooka kama mti wa barièri. Nzabandora alimkaribia.

"Kapita, siku ile ulishuka konani wakati gani?"

"Niliposikia Mama Verdiane analia. Kabla ya pale mguu wangu haukutoka barièri. Karani, andika."

"Andika, karani," Nzabandora akakubali. "Na hiyo chombo ya mzee, uliigusa?"

"Sikugusa. Hata sikuiangalia."

"Kwenu mulikuwa na ng'ombe?"

Karangwa alimtazama Bwana Ajan, akatabasamu. "Zamani. Mimi leo ni muntu wa Leta. Mambo ya bashenzi niliacha."

Watu wa nyuma waliguna. Nzabandora akamfanyia ishara Verdiane. Mama yule alikuja amekumbatia icyansi ya Kanamugire, imejaa maziwa ya asubuhi ile, na macho yake yalikuwa yakimwomba Nzabandora asifanye alichomwambia atafanya.

"Bwana, hii njo chombo iliyokutwa pale. Maziwa yake imetoka kwa ng'ombe ileile." Akaichukua, akavua kifuniko, akaiweka chini. Juu ya simenti tupu, mahali viatu vya polisi vilipoacha tope.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Mwanamke mmoja dirishani akajifunika uso.

"Endelea," Bwana Mukubwa akasema, hakuelewa kitu.

Nzabandora hakuwa na haraka. Akamuuliza Karangwa juu ya mvua. Akamuuliza juu ya kufuli. Kila alipouliza, alisogea, na kila aliposogea mguu wake uligusa icyansi, ikayumba, tone likaruka sakafuni. Karangwa alijibu swali la kwanza akimtazama usoni. La pili alijibu akitazama chini. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Kapita, nakuuliza swali la tatu: magurudumu..."

"Inua hiyo chombo."

"Kwanza jibu. Magurudumu ya kamyo..." Mguu ukagusa tena. Maziwa yakamwagika, yakatambaa kwenye tope la viatu.

Karangwa aliruka. Alivua kofia yake ya Leta, akapiga goti, akaisukuma chini ya icyansi kwa mikono miwili.

"Mulimaji wewe!" akapaza sauti. "Unataka kuua ng'ombe ya mama yangu? Hata mimi siku ile, na haraka yote ile, nilirudi kuitafutia majani makavu! Na wewe..."

Kalamu ya karani peke yake ilikuwa ikikwaruza, halafu nayo ikasimama.

"Siku ile," Nzabandora akasema polepole. "Siku ile mguu wako haukutoka barièri na mukono wako haukugusa chombo. Karani aliandika." Akamgeukia Bwana Mukubwa. "Bwana, usiku kucha mvua ilinyesha, na hiyo chombo ilikutwa juu ya majani makavu. Majani makavu yalikuwa mahali pamoja tu, chini ya paa ya barièri, zile nyasi za kukaushia ngoma. Mukwe wangu ni mutoto wa Buleusa, kwao hakuna ng'ombe. Angegonga muntu, asingesimama kutandikia maziwa kitanda. Na kufuli ya barièri ilifunguliwa na mwenye ufunguo. Alipisha kamyo mbio bila ngoma, ili iwe na alama kwenye tope. Halafu akamubeba mzee mpaka konani, akamulaza juu ya alama hizo."

"Uongo!" Karangwa akasema, lakini bado alikuwa amepiga goti.

Hapo sauti ikatoka nyuma, nyembamba. "Mi sikukuwa pa ngoma, Bwana." Mbonigaba alikuwa akisogea mbele huku watu wakimpisha. "Alinituma moto. Niliporudi, tope ilikuwa mpaka magoti yake. Nipigeni fimbo, lakini njo vile ilikuwa."

Karangwa aliinua uso. Hakumtazama Mbonigaba wala Nzabandora. Alimtazama Bwana Ajan, kama mbwa anavyomtazama mwenye kumlisha.

"Kila asubuhi aliniuliza, 'Maziwa iko wapi?'" akasema. "Ikikosekana, ananiita makaku, nyani, mbele ya wanawake. Wanawake wakaanza kuzunguka nyuma. Siku ile mzee alikuja peke yake. Nikamuambia aache kidogo. Akasema ataenda kumuambia mama yangu kama mimi ni omba-omba wa wazungu. Akanipa mugongo. Fimbo ya ngoma ilikuwa pale." Akatazama kofia yake chini ya icyansi. "Nilifikiri amekufa. Nilifikiri kamyo iko, shofere ni mugeni, nani atauliza?"

Bwana Ajan alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nzabandora akasogea mezani.

"Bwana, swali moja kwa shahidi wa barabara. Hayo maziwa aliyokunywa kila asubuhi, alifikiri inatoka wapi?"

"Hiyo haiko mu faili," Bwana Mukubwa akasema, akalifunga jalada. "Kaa chini, kaporali."

Paul alifutiwa kosa la kugonga na kosa la barièri. Watu walianza kupiga vigelegele, Drocella akasimama ameshika tumbo, na hapo Bwana Mukubwa akagonga meza. Kulikuwa na kosa la tatu, taa. Paul akaeleza habari ya mnyororo na gari iliyozama. Bwana Ajan akaulizwa kama anakumbuka. Akasema hakumbuki vizuri.

Juma moja la buloko, juu ya taa.

Kanamugire alikufa kabla ya jua kuzama, hakusema neno. Karangwa alipelekwa Bukavu, bila kofia. Kofia ilibaki sakafuni, imelowa maziwa, mpaka polisi mmoja akaisukuma kwa mguu pembeni.

Paul alipomaliza juma lake la kubeba mawe ya Leta, Nzabandora alipanda naye kamyo kurudi Mushaki. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Walipofika barièri, mti ulikuwa chini, na mbele yake wanawake wa maziwa walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, kwenye barabara ya Leta, Mama Verdiane katikati yao. Njia ya mkato ilikuwa imezibwa kwa miiba.

Kapita mpya akatoka nyumbani. Kofia ilikuwa ileile, imefuliwa, na ufunguo ulining'inia kiunoni kwa mnyororo uleule. Alikuwa Mbonigaba.

"Acha kidogo, Mama," alikuwa akimwambia Verdiane kwa sauti ya chini. "Kidogo tu, ya Bwana Ajan. Si mimi, unajua si mimi."

"Tandika majani kwanza," Verdiane akamjibu.

Mbonigaba alitandika, akainua macho, akamwona Nzabandora juu ya kamyo. Alikwenda mbio kufungua kufuli, akainua mti juu kabisa, akageuza uso kwenye ukuta wa mlima mpaka wapite. Nyuma yao mpiga ngoma mgeni akaanza kupiga. Hakuwa amepasha ngozi, na ngoma ililia kama kisogo cha mtu kinachopigwa fimbo.